Daftari la Kilio: Jinsi Tulivyotenganisha Chango na Kucheua

Siku ya 17 baada ya kuzaliwa, binti yetu alianza kulia saa 11 jioni na hakutulia hadi karibu saa 4 usiku. Alikuwa ameshiba, nepi yake ilikuwa kavu, hakuwa na homa, na nguo zake hazikumbana popote. Tulikagua vidole vyake vya miguu kimoja baada ya kingine, kwa sababu muuguzi alikuwa ametufundisha kwamba unywele mmoja tu unaweza kujisokota kwenye kidole cha mtoto na kukikaza hadi damu isipite. Hatukuona kitu. Alikunja magoti hadi tumboni, akafumba ngumi, akapiga ukelele uliokuwa tofauti kabisa na kilio cha njaa tulichokwisha kukizoea, na katikati ya ukelele huo akacheua maziwa yaliyolowesha bega langu hadi mgongoni. Kesho yake, saa ileile, akaanza tena.

Kwa muda wa wiki 2 zilizofuata, mke wangu nami tuliamini kwamba chanzo tumekiona kwa macho yetu wenyewe. Mtoto analia, mtoto anacheua, basi analia kwa sababu anacheua. Kwa watu waliokuwa wakilala saa 3 kwa usiku, maelezo hayo yalitosha, lakini yalitugharimu sana, maana kila tulichokifanya kilikuwa ni kupambana na maziwa yaliyokuwa yakipanda, ilhali sehemu kubwa ya kilio haikutokana na maziwa hayo hata kidogo. Leo, baada ya kuyapita hayo, ninaamini kwamba jambo lililotusaidia kuliko mengine yote halikuwa dawa wala mtindo wa kumbeba, bali kuyatenganisha mambo hayo mawili na kushughulika na kila moja kwa namna yake.

Daktari wa watoto ndiye aliyetuelekeza tuandike. Alimpima uzito, akamgusa tumbo, akatazama utosi na kinena, akauliza kuhusu rangi ya matapishi na ya choo, kisha akatuambia tuchukue daftari, tugawe kila ukurasa katika safu 3, ya kunyonya, ya kucheua na ya kulia, na tuandike saa tu, bila maelezo, kwa siku 10. Nilikubali kwa shingo upande, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda pale nikitumaini kupewa dawa. Sasa ningemshauri mzazi yeyote aanze na daftari hilo kabla ya kununua chochote.

Siku 10 zilipokwisha, daftari lilinionyesha kitu ambacho masikio yangu hayakuwa yamenieleza. Kucheua kulitawanyika mchana na usiku, karibu kila mara ndani ya nusu saa baada ya kunyonya, na mara nyingi bila kilio chochote. Maziwa yalimtoka mdomoni naye akaendelea kuitazama taa. Kilio kirefu kilijikusanya kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku, awe amecheua mara 2 siku hiyo au mara 12. Siku aliyocheua kuliko zote ilikuwa miongoni mwa siku alizolia kidogo. Kulikuwa pia na kundi la tatu, dogo lakini la wazi, la vilio vifupi vilivyotokea dakika chache baada ya kulazwa chali mara tu alipoachia ziwa, huku akijipinda mgongo kwa nyuma na kumezameza. Hivyo ndivyo vilio vilivyohusiana na kucheua, na ndivyo tulivyoweza kuvipunguza haraka.

Kucheua kwa mtoto mchanga kuna sababu iliyo wazi. Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo ambao hujifunga baada ya maziwa kupita. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea mara kwa mara hata pale asipomeza chochote; na kwa kuwa umio wake ni mfupi, chakula chake chote ni cha majimaji, na saa nyingi za siku yuko amelala, maziwa hurudi juu kwa urahisi yakiwa yamechanganyika na asidi ya tumbo. Watoto walio wengi hucheua kila siku katika miezi ya mwanzo, hali hiyo hufikia kilele karibu na mwezi wa 4, na wengi wao huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Ikiwa mtoto anaongezeka uzito na hana dalili nyingine, huo si ugonjwa. Tulikuwa na hofu kwamba anatoa kila anachokula, hadi mke wangu alipomimina kijiko kimoja cha maziwa juu ya kitambaa kikavu na tukaona jinsi doa lilivyotanda. Lilikuwa kubwa kuliko madoa mengi yaliyokuwa yakituogopesha.

Mabadiliko tuliyoyafanya yalikuwa madogo. Tulianza kumnyonyesha kidogo kidogo na mara nyingi zaidi, bila kusubiri njaa imshike hadi akanyonya kwa pupa na kumeza hewa. Tulimbeulisha katikati ya kunyonya na si mwishoni tu, na pale alipotumia chupa tuliishika ikiwa imelala, karibu sambamba na sakafu, tukampumzisha kila baada ya dakika chache ili yeye ndiye apange mwendo. Baada ya kunyonya tulimshika wima kifuani kwa dakika 20 hadi 30, mgongo wake ukiwa umenyooka na tumbo lake halijabanwa. Tuliacha kubadilisha nepi mara tu baada ya kunyonya, kwa sababu kuinua miguu ya mtoto aliyeshiba ni sawa na kulikamua tumbo lake. Tukaibadilisha kabla, au katikati ya titi la kwanza na la pili. Tuliacha pia kumketisha kwenye kiti cha gari ndani ya nyumba. Tulikuwa tumefanya hivyo tukidhani kwamba kiti kinamweka wima, lakini mtoto mchanga hujikunja pale kiunoni na tumbo hubanwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba watoto waliowekwa katika viti vya namna hiyo baada ya kula walicheua zaidi. Ndani ya wiki moja, vile vilio vifupi vya kujipinda vilipungua karibu kwisha.

Kilio cha jioni hakikutikisika. Hicho ndicho ambacho wengi hukiita chango au msokoto wa tumbo, na madaktari hukiita koliki. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, walikiwekea kipimo ambacho bado kinatajwa: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Vigezo vya kitabibu vya mwaka 2016 havimtaki daktari ahesabu saa. Vinatazama zaidi kwamba mtoto ana umri wa chini ya miezi 5, analia kwa muda mrefu na kwa kujirudia bila sababu inayoonekana, walezi hawawezi kukizuia kilio wala kukimaliza, na hana homa, ugonjwa wala tatizo la kukua. Maneno hayo kuhusu walezi kutoweza kukimaliza kilio yalinifariji kuliko ushauri wowote niliokuwa nimepewa. Kushindwa kwetu kumnyamazisha kulikuwa sehemu ya maelezo ya hali yenyewe, wala hakukuwa ushahidi kwamba hatufai.

Kulia kwa watoto wachanga kuna ratiba yake. T. Berry Brazelton, daktari mwingine wa watoto wa Marekani, alichapisha mwaka 1962 rekodi zilizoandikwa na akina mama 80 majumbani mwao, na akaona kwamba kilio huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya 6 kikiwa karibu saa 2 na dakika 45 kwa siku, kisha hushuka, na saa zake kubwa ni za jioni. Hao walikuwa watoto wa kawaida. Mwenye chango hufuata mkondo uleule, ila kilele chake ni kirefu zaidi na kilio hakizuiliki. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wiki huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Nilipoyasoma hayo nilirudi kwenye daftari na nikaandika juu ya ukurasa umri wa binti yetu kwa wiki, na tangu siku hiyo nilijua kwamba tunapanda mlima wenye upande wa pili.

Tulichokuwa tukitafuta jioni, basi, kilikuwa kumpunguzia ukali wa kilio na kukaa naye, kwa kuwa kukikata kabisa hakukuwa mikononi mwetu. Hapa kila mtoto ana yake, na ninayoyaeleza ni ya mtoto mmoja. Mkao uliomfaa zaidi ulikuwa ule wa kumlaza kifudifudi juu ya mkono wangu wa kushoto, kichwa kikiwa kwenye kiwiko, kiganja changu kikishika paja lake, huku mkono wa kulia ukimpapasa mgongo kutoka juu kwenda chini. Tumbo lake lilipata joto na mgandamizo mwepesi wa mkono, na hata alipocheua maziwa yalianguka sakafuni pasipo kumpalia. Nilitembea naye kwa mwendo wa kawaida, chumba hadi chumba, bila kumrusharusha. Nilijaribu kuzungumza, kuimba, kumvutia taa na kengele, na daftari likanionyesha kwamba jioni nilizobadilisha mambo haraka haraka ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Tukaweka kanuni ya kubaki na jambo moja kwa angalau dakika 10 kabla ya kujaribu jingine. Taa zilizimwa, simu ziliwekwa mbali, mlango ukafungwa, na mtu mmoja tu ndiye aliyebaki naye chumbani.

Sauti ya mfululizo ilisaidia pia, ama ya feni ama ya mvua iliyorekodiwa, lakini chombo tulikiweka karibu mita 2 kutoka kitandani na kwa sauti ya chini, kwa sababu baadhi ya vyombo hivyo vinaweza kutoa kelele kubwa kuliko inavyofaa sikio changa. Kumviringishia kitambaa mwilini kulimtuliza kwa muda, mradi nyonga na miguu vilikuwa huru kujikunja. Tuliacha mara alipoonyesha dalili za kutaka kujigeuza. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu kulimfaa siku nyingine na siku nyingine hakukumfaa.

Kuhusu kubebwa, ninataka kusema zaidi kidogo, kwa kuwa wazazi wengi hutishwa kwamba mtoto atadeka. Katika jaribio lililofanyika Montreal na kuchapishwa mwaka 1986, akina mama walioombwa kuwabeba watoto wao kwa saa za ziada kila siku, hata wakiwa hawalii, waliona kwamba katika wiki ya 6 watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao, na jioni kwa asilimia 51 pungufu. Hata hivyo, jaribio kama hilo lilipofanywa miaka michache baadaye kwa watoto ambao chango lilikuwa limekwisha kuanza, tofauti haikuonekana. Mimi nilibaki nikimbeba binti yangu, kwa sababu kilio cha mtoto aliye mikononi mwa mtu na kilio cha mtoto aliye peke yake si kitu kimoja kwake, hata kama saa zinalingana. Asidekezwe mtoto wa wiki 5? Sikulikubali hilo wakati ule, na silikubali sasa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumlaza baada ya kusinzia. Alikuwa akifumbua macho mgongo wake ulipokuwa ungali angani. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2022 kazi iliyoonyesha kwamba kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye kwa dakika 5 humtuliza na wengine husinzia, na kwamba ni vyema kuketi naye akiwa amelala kwa dakika 5 hadi 8 nyingine kabla ya kumweka chini, kwa sababu kinachomwamsha zaidi ni ule wakati wa kutenganishwa na mwili wa mlezi. Kabla ya hapo mimi nilikuwa nikimweka chini mara tu kope zilipofunga. Nilipoanza kuketi na kusubiri, huku nikitazama saa ya ukutani, usiku wetu ulibadilika kuliko nilivyotarajia.

Na alilazwa chali, daima, juu ya godoro gumu lisilo na mwinuko, bila mto wala blanketi jepesi wala kifaa cha kumwegemeza. Hili lilileta mazungumzo mazito nyumbani. Mama mkwe, aliyelea watoto wanne na ambaye bila yeye tusingefika popote, aliniambia jioni moja kwa upole, “Mwanangu, mtoto huyu anacheua, ukimlaza chali atapaliwa. Mlaze kifudifudi, ndivyo tulivyoambiwa sisi.” Nilimjibu, “Ni kweli mama, mliambiwa hivyo, na waliowaambia walikuwa madaktari.” Tukaketi nikamchorea kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya umio, hivyo maziwa yanayorudi hayana budi kupanda ili yaingie kwenye njia ya hewa. Akiwa kifudifudi, umio ndio ulio juu, na maziwa yanaweza kutiririka chini kuelekea huko. Tangu miaka ya 1990, nchi zilipoanza kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua sana, na kupaliwa hakukuongezeka. Vitanda vyenye mwinuko navyo havikuthibitika kupunguza kucheua, na vimehusishwa na vifo. Marekani ilipitisha sheria ya kuvipiga marufuku mwaka 2022. Mama mkwe aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaniomba nimchoree tena, na tangu usiku ule yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote kuhusu jambo hilo.

Dawa nitazipitia upesi. Matone ya kuondoa gesi, yalipolinganishwa na matone yasiyo na dawa, hayakuonyesha ubora wowote wa kutegemewa. Maji ya kutuliza tumbo yanayouzwa chupani, ambayo yalianza Uingereza katika karne ya 19 yakiwa na pombe ndani yake, hayana ushahidi, na mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Bakteria wema wa aina ya Lactobacillus reuteri wamepunguza kilio katika majaribio kadhaa kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama; sisi tuliwatumia kwa ushauri wa daktari, na kwa kuwa wiki ya 6 ilikuwa imepita siwezi kusema ni wao au ni kalenda. Dawa za kupunguza asidi ndizo nilizozitaka sana mwanzoni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 liliwagawa watoto 162 waliokuwa wakilia na kujipinda wakati wa kunyonya au baada yake; nusu walipewa dawa hiyo, nusu wakapewa kitu kisicho na dawa, na katika kila kundi asilimia 54 walipata nafuu, ila waliopewa dawa walipata maradhi makali zaidi, hasa ya kifua. Mtoto mwenye vidonda vya umio au asiyekua anaweza kuihitaji, na hilo ni la daktari kuamua. Wetu hakuihitaji.

Kuna mambo ambayo daftari halifai kuyasubiri. Matapishi ya kijani, au yenye damu. Matapishi yanayoruka kwa nguvu kila baada ya kunyonya, hasa kati ya wiki ya 2 na ya 8, ambayo yanaweza kuwa dalili ya kuziba kwa njia ya kutokea tumboni. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Tumbo lililovimba na kukaza, utosi uliotuna, uvimbe kwenye kinena, kulegea, kukataa kunyonya, nepi chache zenye mkojo: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Choo chenye damu au utelezi pamoja na ukurutu huweza kuashiria mzio wa protini ya maziwa ya ng’ombe, na hapo daktari anaweza kumwelekeza mama aache maziwa ya ng’ombe kwa wiki chache au kubadilisha maziwa ya kopo. Mama asijinyime vyakula kwa kubahatisha. Anahitaji nguvu zake.

Nguvu hizo ndizo nilizoziona zikimwishia mke wangu katika wiki ya 6. Usiku mmoja alinikabidhi mtoto mlangoni na akaniambia, “Mchukue, baba, mikono yangu inatetemeka.” Nilimchukua. Usiku mwingine ikawa zamu yangu: nilikuwa peke yangu, nikajisikia nikimshika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, nikamlaza kitandani chali, nikafunga mlango, nikakaa barazani kwa dakika 10 nikihema. Alilia dakika zote 10 na hakudhurika. Mtoto anayetikiswa hudhurika ubongo, pengine kwa maisha yote, na watu wanaofanya hivyo mara nyingi ni walezi wa kawaida waliofikia ukomo wa kuvumilia mbele ya kilio kisichonyamaza. Tuliandika zamu za saa moja moja kwenye jalada la daftari, na aliyemaliza zamu alitoka nje mahali ambapo kilio hakisikiki. Nilijuta kwamba hatukuanza hivyo tangu siku ya 17.

Wiki ya 11, safu ya tatu ilianza kuwa na mistari mitupu. Wiki ya 13, mizunguko ya jioni chumba hadi chumba ilikuwa imekwisha. Niliendelea kuandika hata hivyo, na ukurasa ninaourudia mara nyingi ni wa siku moja katika mwezi wa 4, wakati kucheua kulipokuwa kumefikia kilele chake. Siku hiyo alicheua mara 14, idadi kubwa kuliko siku yoyote ya daftari zima. Katika safu ya kilio kuna dakika 10 tu, asubuhi, alipokuwa akivishwa shati.